Kitoto cha Paka na Mbwa wa Uwani: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Kashata, kitoto cha paka, aliingia kwetu Fuoni, Unguja, ndani ya pakacha, wiki ya mvua za masika, uzito wake kama machungwa mawili na sauti imemzidi mwili. Mwanangu alimtoa kwenye mtaro karibu na soko la Darajani. Uwani tulikuwa tayari na Bosi, mbwa koko wa rangi ya udongo, kazi yake kumbwekea kila anayepita baada ya Isha. Jirani akaniambia: "Mwenzangu, wewe waache tu, watazoeana wenyewe." Nikawaacha. Dakika haikutimia, Kashata kanipanda mgongoni, kanichana bega, kapotelea nyuma ya friji. Alikaa huko siku mbili.

Tangu hapo watu wenye kesi kama yangu wananiuliza, na hakuna anayekuja kusema "paka wangu ana hofu". Anakuja na kusema: hali chakula, hatoki, anafoka, kakojoa kitandani, mbwa anamkodolea macho. Kwa hiyo nami naandika kwa kufuata hayo wanayoyaona.

Lakini kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Zipo picha nyingi za paka na mbwa waliolala kifua kwa kifua kwenye zulia. Hizo ziache. Nyumba nyingi za huku mbwa hana zulia. Anakaa uwani, na kwa sisi Mashafii ulimi wake ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka ndiye wa ndani, anazunguka miguuni mpaka kwenye mswala. Hatutafuti wapendane basi, tunatafuta wapishane tu, kama watu wawili wanavyopishana kichochoroni Mji Mkongwe, mmoja na baiskeli na mwengine na ndoo kichwani: kila mtu anabana ukuta wake, salamu, wanakwenda zao.

Na hapo ndipo nyumba zetu zinapotusaidia, maana mpaka upo tayari: mlango wa uwani. Karibu kila dalili nitakayoitaja, nenda kaangalie kwanza pale mlangoni pana nini.

Jambo la mwisho kabla ya dalili. Siku ya kwanza mgeni apewe chumba chenye mlango unaofungika. Boksi lililolazwa ubavu, kanga kuukuu ndani, beseni la mchanga kona moja, maji na chakula kona ya mbali, na mahali pa kupanda. Nyumba za kale zina mashubaka ukutani, paka wanayapenda kupita kiasi. Sisi wa matofali ya saruji tunasogeza meza karibu na kabati.

HATOKI UVUNGUNI, CHAKULA HAGUSI

Hii ndiyo inayotisha zaidi na ndiyo inayochanganywa zaidi, kwa sababu hofu na maradhi kwa kitoto cha paka vina sura moja. Vyote viwili vinamfanya ajikunyate, anyamaze, asile.

Namna ya kuvitenganisha ni hii. Usiku, nyumba ikishalala na mbwa amefungwa upande wa mbali wa ua, weka chakula ulichokipima, tuseme vijiko viwili vya samaki aliyechambuliwa miba, karibu kabisa na maficho yake. Funga mlango, usichungulie. Alfajiri nenda kaangalie. Sahani ikiwa tupu, ana hofu tu, na wewe una muda. Ikiwa kama ulivyoiacha, usimsingizie mbwa. Kitoto cha chini ya wiki 8 nusu siku bila kula ni hatari; aliyezidi umri huo usimpitishe siku nzima. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kabla hujatoka, mfunue mdomo utazame ufizi. Wa mzima una rangi ya waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua, na mara nyingi walioimaliza ni viroboto au minyoo. Hapa nisikilize vizuri: usichukue dawa ya viroboto ya mbwa ukampaka paka. Nyingi zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu; mbwa anaistahamili, paka inamtia mtetemeko na kumuua. Hata mbwa aliyepakwa leo asisogelewe na paka mpaka dawa ikauke kabisa. Na vidonge vya panadoli usijaribu hata robo. Kwa paka ni sumu.

Kingine kinachofanana na hofu ni tumbo. Watu wanamkaribisha paka mdogo kwa maziwa ya ng'ombe, anaharisha, analegea, halafu lawama anabebeshwa mbwa. Mpe maji safi na samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi. Dagaa wakavu wanafaa ukiwaroweka kwanza chumvi itoke, ukawachemsha na kuwasaga. Na asilishwe pumba na makombo ya mbwa siku zote. Paka lazima apate kirutubisho kinachoitwa taurini, na taurini iko kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika.

Ikiwa ni hofu kweli, kazi yako ni kukaa. Usimvute kwa mguu. Usisogeze kitanda. Tandika mkeka, kaa chini, mpe ubavu badala ya uso, chambua mchele au soma chochote ulichonacho. Akikutazama, fumba macho polepole ufumbue, maana kwa paka jicho lililokazwa ni tishio. Usiku wa tano Kashata alinyoosha shingo kutoka uvunguni, akamchukua dagaa kwenye kidole changu kwa pembe ya mdomo, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyesahau kuvua viatu. Siku ile sikuongeza kitu, nilizima taa nikatoka.

Umri nao una neno lake. Watoto wa paka huzoea watu na viumbe wengine kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi. Kashata macho yake yalishatoka kwenye buluu ya kitoto kuwa manjano, kwa hiyo muda huo ulikuwa umeshampita. Haina maana hazoei. Maana yake utahesabu wiki, si siku.

ANAFOKA NA MBWA HAYUPO

Umeingia peke yako, mlango umefunga, na bado anajitutumua, mgongo juu, manyoya yamesimama, fsss! Watu wanadhani paka kawachukia. Jinuse mikono. Umetoka kumlisha mbwa, kakusuguasugua miguuni, ukaingia chumbani na kanga ile ile. Kwa paka umeingia naye.

Chanzo hiki ndicho pia dawa. Chukua kitambaa kikavu, mfute mbwa mashavuni na shingoni, kiweke chumbani kwa paka, mbali na sahani. Mimi nilikibeba kwa koleo la mkaa, kwa sababu mama mkwe alikuwa barazani na sikutaka maswali. Akikinusa akaondoka, vizuri. Akikifokea, kisogeze mbali zaidi. Kila siku kisogee sahani kwa shibiri moja. Siku atakayokula kitambaa kikiwa ubavuni mwa sahani, kazi kubwa imekwisha na mbwa hajui kitu. Fanya na upande wa pili: tandiko la paka mnusishe mbwa, na akinusa kwa utulivu apate kipande cha nyama.

MBWA KAGANDA MLANGONI, HASIKII AKIITWA

Hapa naomba utulie, kwa sababu wengi wanamshughulikia paka wakati tatizo liko nje. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili nikimbembeleza Kashata ndani, na Bosi siku zote hizo amekaa chini ya dirisha kama askari wa zamu.

Jifunze kumsoma mbwa. Mwenye shauku ya kawaida mwili wake unayumba, mdomo wazi, anatazama, anageuka, ananusa majani, anarudi. Anayewinda anaganda. Mdomo kafunga, masikio mbele, shingo imenyooka, labda mguu mmoja kauinua, na ukimwita jina lake ni kama unaita ukuta. Mwengine anatetemeka na kulia kwa sauti nyembamba. Mkia usikudanganye: mkia uliosimama wima unaotikisika kwa haraka, mwili mkavu, si furaha. Hata baina yao wanapotezana hapo hapo, maana paka anapouchapa mkia kushoto na kulia amekasirika, mbwa anaona kakaribishwa.

Vyanzo ni vingi na mara nyingi vinakuja pamoja. Mbwa anafungwa mnyororo kutwa nzima na hana la kufanya. Ana njaa. Au uwani kwenu kuna kuku, na kwake kila kidogo kinachokimbia ni kitu cha kukimbizwa. Anza na hayo. Mtoe alfajiri kabla jua halijawa kali, azunguke shamba mpaka ulimi utoke, ndipo uje kwenye somo la paka. Mbwa aliyechoka ni mwanafunzi mwengine kabisa.

Somo lenyewe ni la hatua, hatua za miguu. Mfunge kamba, si mnyororo. Mlio wa mnyororo pekee unatosha kumrudisha paka uvunguni, na mbwa anayevutwa kwa nguvu ndiyo kwanza anakaza. Mlango wa uwani uwe na kizuizi kinachopitisha macho bila kupitisha mwili. Sisi tulipigilia wavu wa kuku kwenye fremu ya mbao. Geti la nondo pekee halitoshi, kitoto cha paka kinapita katikati ya nondo kama maji.

Simama na mbwa mbali. Mwite. Akigeuka akala kipande mkononi mwako, upo mahali pazuri. Sogea hatua mbili, mwite tena. Mahali atakapoacha kugeuka, umepita mpaka, rudi nyuma. Kwa Bosi, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni alikuwa mbwa wangu, hatua nane alikuwa si wangu tena. Basi tukaanzia kumi na mbili. Mwanangu ndani na Kashata na sahani ya samaki, mimi nje na vipande vya mapupu ya ng'ombe mfukoni, mfuko wenyewe siusemi hali yake. Kila Bosi anapomtazama paka kisha akanitazama mimi, anapata kipande. Amtazame anavyotaka, sharti anirudie. Dakika tatu, tano zikizidi sana, tunafunga mlango wakati wote wawili bado wana raha. Mara mbili kwa siku. Tulifika kwenye wavu siku ya kumi na tisa, na siku mbili kati ya hizo tulirudi nyuma.

Makosa ambayo nimeyaona kwa wengine, na moja ni langu: kumbeba paka kifuani na kumpelekea mbwa "amnuse". Paka hana pa kukimbilia isipokuwa uso wako. Lingine ni kumpiga mbwa kila anapotazama ndani. Anachojifunza ni kwamba paka akitokea, fimbo inakuja, na siku usipokuwepo atalipiza kwa paka.

Na wapo mbwa wasiowezekana. Aliyekwisha kuua paka au kuku, au ambaye baada ya wiki nyingi bado anaganda hata akiwa mbali, asijaribiwe. Wekeni milango miwili kati yao maisha yote, au mtafutieni paka nyumba nyengine. Si aibu.

WAVU UMETOLEWA, PAKA ANAKIMBIA, MBWA ANAMFUKUZA

Umeharakisha. Wavu hautoki mpaka mpate wiki nzima mfululizo isiyo na tukio: mbwa analala mbele yake, paka anakula nyuma yake. Wavu ukishatoka, mbwa abaki na kamba ndefu inayoburuta chini uikanyage ukihitaji, na paka awe na barabara ya juu kutoka mlangoni mpaka kabatini bila kugusa sakafu. Paka mwenye pa kupanda hakimbii, na asiyekimbia hafukuzwi. Wakibaki peke yao nyumbani, mlango ufungwe. Kwangu ilikuwa hivyo mpaka Kashata alipofika miezi saba, na sikujuta.

ALISHAZOEA, GHAFLA KARUDI UVUNGUNI

Tafuta kilichobadilika wiki ile. Kwetu ilikuwa Ramadhani. Nyumba iliyokuwa ikilala saa nne sasa iko macho mpaka daku, sufuria zinagongwa, wageni wa futari wanaingia na kutoka, na Bosi, ambaye chakula chake kilikuwa cha magharibi, anakula saa tano usiku na anabweka kwa njaa mpaka muda huo. Kashata hakuwa na kosa. Tulipomrudishia Bosi saa yake ya zamani, siku ya nne paka alitoka. Fataki za Mapinduzi mwezi wa Januari na baruti za sikukuu nazo zinafanya hivyo hivyo, kwa wote wawili.

Dawa ni kurudi hatua mbili, si kuanza upya. Rudisha wavu, rudisha umbali wa wiki iliyopita, endelea. Lakini kama hakuna kilichobadilika, na anayejificha alikuwa mzima jana, rudi kule kwenye ufizi na sahani ya usiku.

ANAJISAIDIA NJE YA BESENI

Angalia beseni liko wapi. Likiwa chini ya dirisha ambalo mbwa anapumulia, wewe mwenyewe ungekwenda? Lihamishie kona yenye ukuta nyuma na njia mbili za kutokea, na mchanga uchotwe kila siku. Ndani ya nyumba mkiwa na mjamzito, kazi hiyo aifanye mwengine, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Paka anayechuchumaa mara kwa mara na hatoki kitu, au mkojo una damu, haogopi mbwa, anaumwa, na daktari ni leo.

Mbwa akiingia kula kinyesi cha paka, hamkuniuliza na sikusema. Weka beseni mahali pa juu, basi.

MBWA NDIYE ANAYEOGOPA

Mnacheka, lakini ipo. Kipaka cha nusu kilo kinampiga mbwa makofi ya pua, na mbwa mzima anazunguka nyumba nzima kuepuka mlango. Usimsimange mbwa. Mpe naye mahali ambapo paka hafiki, na mkate paka ncha za kucha. Jicho la mbwa likichanwa, likatoa machozi au akalifumba, usisubiri kesho.

KUNA DAMU

Jino la mbwa linaacha kitobo kidogo nje na jeraha kubwa ndani, kwa hiyo paka aliyeng'atwa apelekwe kwa daktari hata kama anatembea. Akiwa ni mtu aliyeng'atwa au kuchanwa, iwe na mbwa au na kitoto kilichookotwa mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji ya mfereji, yaani ya bomba, yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku ile ile. Usipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala unga wa kahawa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na paka pia hukipata. Wote wawili wachanjwe, paka kuanzia umri wa miezi mitatu hivi; ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya yako, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukifika huko uliza na habari ya kufunga kizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba yake ni kama siku 63, kwa hiyo ukichelewa utayasoma haya yote tena kwa watoto watano.

Bosi sasa analala kizingitini, miguu ya mbele imenyooka, na jioni Kashata anampita akielekea ukutani kutazama popo. Bosi anafungua jicho moja. Juzi mama mkwe alikuwa akiwaangalia kutoka kwenye kibao cha mbuzi, nazi mkononi.

"Mwanangu, huyu mbwa wako leo kala?"

"Kala, mama. Kwa nini?"

"Basi njoo utazame nani yumo kwenye karai lake."

Alikuwa Kashata, kaingia mzima mzima kwenye makombo ya pweza, na Bosi kasimama pembeni anangoja zamu. Hiyo ni dalili mpya. Kuanzia kesho tunawalisha kwa wakati mmoja, kila mtu upande wake wa mlango.